Barua ya wazi kwa Waziri wa Makazi wa Uingereza: maghala ya kale yasipotee bila kumbukumbu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu na heshima. Nakuandikia kuhusu maghala na mazizi ambayo makabaila wa Uingereza waliyajenga kwenye mashamba yao katika karne ya 18 na 19. Sisemei yale mashuhuri. Ghala kuu la Holkham, Norfolk, ambalo Samuel Wyatt alimchorea Thomas William Coke, lina watetezi wake. Kadhalika shamba la Wimpole alilolisanifu John Soane mwaka 1794. Hofu yangu ni mashamba ya pembeni, waliyokodishwa wakulima wapangaji, ambayo majengo yake mengi hayamo katika orodha ya majengo yanayolindwa.

Tangu 2014 mwenye ghala la namna hiyo anaweza kuligeuza makazi bila kuomba kibali kamili. Mei 2024 kanuni zikalegezwa tena: sasa zinaruhusiwa hadi nyumba 10 katika shamba moja. Halmashauri hukagua barabara, kelele, mafuriko, mwanga na sura ya nje. Jengo lilifanya kazi gani, haiulizi.

Na kazi yenyewe imeandikwa ndani. Milango miwili mirefu inayotazamana si urembo: katikati yake ndipo nafaka ilipopurwa, na upepo uliopenya ukasaidia kupepeta. Kwenye mihimili kuna nambari za Kirumi, maseremala walizichonga ili kila mti ujulikane mwenzake siku ya kusimamisha jengo. Juu, chini ya kipeo cha paa, utakuta tundu la bundi, aliyekaribishwa ale panya. (Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali; huko alitengenezewa mlango!) Vyumba vikigawanywa na dari likipigwa, hayo yote hufunikwa au hukatwa.

Sipingi watu kupata pa kuishi. Mashine za kuvunia za leo hazipiti milango ile, na ghala lisilo na kazi huoza. Ninaloomba ni dogo: kabla ya msumeno kuingia, kila jengo la shamba la kabla ya 1900 lipigwe picha, lipimwe na kuchorwa, na nakala iwekwe kwenye kumbukumbu za mambo ya kale za kaunti, ambazo tayari zipo. Sharti kama hilo halmashauri huwapa wanaobadilisha majengo yaliyoorodheshwa, na ujenzi hausimami. Gharama aibebe mwenye mradi, maana faida ya kuuza nyumba hizo ni yake.

Wasalaam,
Mpenzi wa majengo ya mashambani