Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kaunti ya Kilifi: Malindi ipewe kombe la karata lenye daftari

Mheshimiwa Waziri,

Asalaam aleikum.

Marehemu babangu alishinda kombe la karata mara mbili hapa Malindi. Walikuwa timu ya watu wanne kutoka baraza moja la Shela, na mitaa ilishindana usiku baada ya sala ya isha. Mara ya pili nilikuwa na miaka kumi. Kazi yangu ilikuwa kupeleka kahawa, na kwa macho yangu nililiona kombe likipita mkono hadi mkono. Baadaye waliokabidhiwa kulitunza wakasema halionekani, na mashindano yakafa. Leo sina picha wala karatasi, na wale wanne wote wametangulia mbele ya haki. Juzi mjukuu wangu aliniuliza jina la babu limeandikwa wapi. Sikuwa na la kumjibu.

Ndiyo sababu nakuandikia hadharani. Naomba Kaunti ianzishe ubingwa wa karata wa timu, kila mwaka, hapa Malindi, wenye kombe moja la kudumu na daftari la washindi. Kombe tuliwahi kuwa nalo na likatupotea. Ninacholilia zaidi ni daftari.

Thamani ya daftari niliijulia hotelini, nilikofanya kazi miaka mingi. Wageni wa Kiitaliano walinifundisha briji, nayo haikunichukua muda kuielewa, kwani ni ndugu wa karata yetu ya turufu: watu wanne, wawili kwa wawili, karata 52, kila mmoja kumi na tatu. Kilichonishangaza ni kwamba wacheza briji wanajua nani alishinda nini, mwaka gani, dhidi ya nani, tangu kabla babangu hajazaliwa.

Chanzo cha hayo ni Mmarekani mmoja, Harold Vanderbilt, tajiri na nahodha wa mashua za mashindano. Mwaka 1925, akiwa safarini melini kupitia Mfereji wa Panama, aliwaonyesha wenzake hesabu mpya ya pointi. Kabla ya kucheza, watu hunadi: nitakula mikono mingapi, yaani mizunguko mingapi ya karata nne, na turufu, ile rangi inayozipiku nyingine, ni ipi. Katika hesabu yake, ile zawadi kubwa huipati kwa mikono uliyojikuta umeila, huipata kwa ile uliyoinadi ukaitimiza. Mwaka 1928 akatoa kombe la timu, na hadi leo linashindaniwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe alilitwaa mwaka 1932, akalitwaa tena 1940. Alipofariki mwaka 1970, wosia wake ulikiachia chama cha briji cha Amerika Kaskazini dola 100,000, ili kila mshindi aendelee kupewa nakala yake ya kombe aende nayo nyumbani. Niliposimuliwa hayo nililikumbuka kabati la mamangu, vyombo vya kauri vimepangwa vizuri, na katikati hamna kitu.

Kombe la dunia la timu, Bermuda Bowl, lilianza mwaka 1950. Mwaka 1957 Waitaliano waliwashinda Wamarekani, ambao miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Helen Sobel, na kuanzia hapo hadi 1975 Italia ilitwaa kombe hilo mara 13. Giorgio Belladonna alikuwamo katika kila ushindi. Mwaka 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa kwetu Ngomeni. Wazee wa huko wanaikumbuka. Mwaka huohuo timu yao ilichukua tena kombe la dunia la briji. Naweza kukwambia hivyo kwa uhakika kwa sababu kuna mtu aliyeandika. Mabingwa wa Shela wa zama hizohizo, Mheshimiwa, nani atakutajia?

Na si kwamba karata kwetu ni mgeni wa juzi. Vasco da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498, na nguzo yake tunawaonyesha watalii kila siku. Lakini Wareno walituachia kingine tusichomwonyesha mtu: karata yenyewe, turufu, na rangi zake nne, kopa, uru, pau, shupaza, yote ni maneno yaliyotoka kwao. Nguzo ina mlinzi na tikiti. Maneno haya hayana mlinzi ila wazee wa barazani, na vijana wangu wa nyumbani sasa wanaziita rangi hizo kwa Kiingereza, kama walivyoziona kwenye simu.

Nijibu mapema hoja ninayoisikia kila ninapoligusa jambo hili, kwamba karata ni bahati. Ni kweli, ukigawiwa vibaya hata uwe bingwa utalala. Wenzetu wa briji waliliona hilo wakalitafutia dawa. Timu mbili za watu wanne hukaa meza mbili. Kwenye meza ya kwanza, wawili wa timu yangu wanakaa kaskazini na kusini. Kwenye meza ya pili, wenzangu wawili wanakaa mashariki na magharibi. Karata zilizochezwa meza ya kwanza huhifadhiwa katika kibao chenye mifuko minne, kisha hupelekwa meza ya pili zikachezwe vilevile zilivyogawiwa. Kwa hiyo karata mbovu nilizozipata mimi, mpinzani wangu atazipata pia, na tutaona nani alizitumia vyema. Vibao hivyo fundi yeyote wa mbao hapa mjini anaweza kuvichonga. Naamini babangu angeupenda utaratibu huu, maana alichukia sana kuambiwa ameshinda kwa bahati.

Hoja ya pili ni ishara. Sisi wa pwani tunajuana: jicho likipepesa, kidole kikigusa sikio, mwenzako ameshajua una nini. Barazani ni sehemu ya utamu. Kwenye ubingwa itatuvunjia heshima, na hata wakubwa hawakusalimika. Mwaka 1965 kule Buenos Aires, Argentina, kwenye Bermuda Bowl, Waingereza wawili mashuhuri walituhumiwa kupeana siri kwa vidole. Shirikisho la dunia likawatia hatiani, uchunguzi wa kwao ukawasafisha, na ubishi haujaisha. Mwaka 1975 wakaweka kiambaza katikati ya meza ili mtu asimwone mwenzake, na katika mashindano hayohayo Waitaliano wawili wakaonekana wakigusana miguu chini ya meza. Ikabidi hata uvunguni pawekwe kizuizi. Nasi tuanze na kiambaza siku ya kwanza, kabla ya kugombana.

Kamari isiwepo kabisa. Huu ni mji wa dini, na maimamu wetu wana haki ya kuuliza. Hakuna senti kuwekwa mezani wala zawadi ya fedha. Kombe na jina vinatosha.

Jambo la mwisho ndilo zito. Daftari la Wamarekani ninalolisifu lina aibu yake. Weusi walizuiwa kwenye mashindano ya wenzao, wakaunda chama chao mwaka 1932, na chama kikuu hakikuondoa kizuizi cha rangi katika uanachama wake mpaka mwaka 1967. Kwa hiyo katika orodha za mwanzo za mabingwa wa Vanderbilt kuna watu wasiokuwamo, wala si kwa kuwa walishindwa. Hawakuruhusiwa hata kukaa mezani. Yasitufike hayo. Timu ya Ngomeni iingie, ya Wagiriama wa Msabaha iingie, na wanawake wacheze. Dada zangu wanajua kuhesabu turufu zilizokwisha kutoka kuliko wanaume wengi ninaowafahamu, ila wao huchezea ndani, nasi nje hatuwaoni.

Sikuombi ukumbi mpya wala bajeti kubwa. Naomba meza za shule moja wakati wa likizo, barua yenye muhuri wa ofisi yako, na ahadi kwamba daftari litakaa mahali pa umma ambapo mtoto yeyote ataomba kuliona na ataonyeshwa. Lisikae tena nyumbani kwa mtu.

Daftari lenyewe nimeshalinunua, la jalada gumu, na kalamu ya wino. Ukurasa wa kwanza nimeuacha kwa timu itakayoshinda mwaka wa kwanza. Jina la babangu sitaliandika humo. Ninajua alishinda, lakini sina ushahidi wa kumwonyesha mtu, na sitaki daftari hili lianze kwa neno langu pekee.

Nangoja jibu lako, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mcheza karata wa Shela, Malindi