Barua ya wazi kwa chama cha basari: msimnyime yule wa nyutrino

Wanangu wa chama cha basari, mlioko Kisumu, Ahero na Muhoroni,

Salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Katibu amenitumia kumbukumbu za mkutano wa mwezi uliopita na kuniomba, kama mlezi wenu, nitie sahihi kifungu kipya. Kifungu chasema kwamba kuanzia sasa basari ya shahada ya uzamili itatolewa kwa "sayansi inayogusa mwananchi" pekee. Sitatia sahihi. Sababu zangu naziandika hadharani kwa kuwa najua vyama vingine huku Nyanza na kule Nakuru vina mawazo kama hayo, na vingine vinangoja kuona mtakavyofanya ninyi.

Waombaji wa mwaka huu ni watatu. Kijana mmoja anataka kusoma jeni za selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wa pili anataka kutafuta hamira inayovumilia joto kwa ajili ya viwanda vya spiriti. Wa tatu, binti wa Ahero, anataka kusoma fizikia ya nadharia, upande wa chembe ndogo kabisa, hasa nyutrino. Wawili wa kwanza mliwapitisha bila mjadala. Wa tatu mlimcheka. Imeandikwa hata kwenye kumbukumbu, sijui katibu alikuwa na nia gani, kwamba mwanachama mmoja alisema nyutrino haipikwi na omena. Nami nilicheka. Halafu nikatafuta kalamu.

Tuanze na huo ugonjwa mnaosema unamgusa mwananchi. Hapa ukanda wa ziwa ni nadra kupata ukoo usioujua, hata kama hauujui kwa jina: mtoto analia viungo usiku kucha, macho yana umanjano, kila mara anaongezwa damu, na majirani wanamnyooshea mamake kidole. Mwaka 1949 kijana wa Oxford, Anthony Allison, aliyekuwa amelelewa shambani huku Bonde la Ufa, alizunguka Kenya akikusanya damu ili alinganishe makundi ya damu na alama nyingine za urithi. Katika baadhi ya jamii za pwani na za kando ya Ziwa Viktoria alikuta jeni ya selimundu kwa zaidi ya mtu 1 katika kila 5. Nyanda za juu alikuta chini ya asilimia 1. Ugonjwa unaoua watoto unawezaje kubaki kwa wingi hivyo mahali pamoja? Akakumbuka mbu walipo na wasipo. Mwaka 1954 alichapisha jibu: aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali, na aliyerithi mbili, kwa baba na kwa mama, ndiye anayeugua. Allison hakuondoka Oxford akitafuta dawa ya mtu yeyote. Alikuwa na swali, basi.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Ni herufi moja iliyobadilika katika DNA, yale maandishi ya urithi, na kwa sababu hiyo kiungo kimoja kati ya 146 katika mnyororo mmojawapo wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kikawa kingine. Aliyekibaini ni Vernon Ingram, mwaka 1956, na alikuwa akifanya kazi ndani ya maabara ya fizikia, ile Cavendish ya Cambridge, ambako J. J. Thomson aligundua elektroni mwaka 1897. Wanabiolojia walikuwa wamekaribishwa huko kwa sababu wanafizikia walijua kutumia eksirei kutazama umbo la vitu visivyoonekana kwa hadubini. Nadhani hata huko alikuwepo mtu aliyeuliza elektroni inapikwa na nini.

Sasa njooni upande wangu. Mnajua nimezeekea kwenye maabara ya kiwanda, kati ya matangi ya molasi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1987 watafiti wa Osaka, Japani, waliona ndani ya DNA ya bakteria maandishi yanayojirudiarudia, wakaandika kwamba hawajui kazi yake. Miaka michache baadaye Mhispania Francisco Mojica aliyakuta tena kwenye viumbe wanaoishi katika mabwawa ya kuvunia chumvi. Kiumbe kinachopenda chumvi, kisichomdhuru wala kumlisha mtu! Angekuja kuomba basari kwenu, angerudi nyumbani mikono mitupu. Akang'ang'ana zaidi ya miaka 10 hadi akagundua kwamba katikati ya yale marudio mna vipande vilivyotoka kwa virusi. Mwaka 2007 watu wa kampuni inayotengeneza bakteria wa kugandishia maziwa wakathibitisha jambo hilo. Wao walikuwa na shida ninayoielewa vizuri: virusi vikiingia kwenye tangi, bakteria wanakufa, maziwa hayagandi, na mali yote inamwagwa. Walitambua kwamba bakteria waliookoka walikuwa wameweka kipande cha adui kama kumbukumbu, na adui yuleyule akirudi wanamkata. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa CRISPR, mkasi wa kukatia DNA. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha jinsi ya kuuelekeza mkasi huo mahali mtu anapotaka, na mwaka 2020 wakapewa Nobeli ya kemia.

Ili kuuona mkasi wenyewe ulivyoumbwa, mwaka 2014, zilihitajika tena eksirei, safari hii kali sana, kutoka kwenye mashine zinazozungusha elektroni kwa kasi iliyo karibu na ile ya mwanga. Mashine za jamii hiyo zilibuniwa na wanafizikia wa chembe. Elektroni zikipindishwa hutoa mwanga, na kwao mwanga huo ulikuwa hasara, nishati inayopotea bure. Ulionekana kwa macho mara ya kwanza mwaka 1947. Baadaye wanabiolojia wakaja kuuomba, kama mfugaji anayekuja kwa mpika busaa kuomba machicha. Leo mitambo mizima inajengwa kwa ajili ya machicha tu, na kila bara lenye wakazi wa kudumu lina mtambo wa aina hiyo, isipokuwa Afrika.

Mwishoni mwa 2023, Uingereza kwanza kisha Marekani, tiba ya selimundu inayotumia CRISPR ikaruhusiwa. Hairekebishi ile herufi iliyokosewa. Inavuruga sehemu inayozima himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ili mwili urudi kuitengeneza. Bei yake kule Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na hapo ndipo ninapowapa haki yenu: mama wa Nyando hatailipa hata akiuza kijiji. Kinachomfaa leo ni kidonge cha haidroksiyurea, ambacho utafiti uliofanywa katika nchi 4 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo kupitia Kilifi, ulionyesha kuwa kinapunguza maumivu, kuongezwa damu, hata malaria. Lakini angalieni ni nani waliokutana njiani hadi tiba ile ikapatikana: mpima damu wa kando ya ziwa, mtu wa chumvi, watu wa maziwa, na wanafizikia waliokuwa wakilalamika kwamba nishati yao inavuja. Kifungu chenu kingewapitisha wangapi?

Sisemi nyutrino za binti wa Ahero zitaleta tiba. Huenda zisilete kitu cha kushika mkononi miaka mia ijayo. Wolfgang Pauli alizibuni mwaka 1930 kwa sababu hesabu ya nishati ilikataa kulingana, na ilichukua hadi 1956 mtu kuzinasa. Kutoka kwenye jua zinakuja kama bilioni 65 kila sekunde katika kila sentimita moja ya mraba ya ngozi yako, zinapita na kuondoka bila hata kukusalimia. Nadharia ya zamani ilizihesabu kuwa hazina uzito wowote. Wajapani na Wakanada wakathibitisha kwamba zinao, kidogo sana, wakapata Nobeli ya 2015, na mpaka sasa hakuna anayejua uzito huo ulitoka wapi. Ndilo swali la binti. Nimesoma ombi lake mara mbili. Hesabu zake za mbele zimenishinda, lakini kurasa za mwanzo zinaeleweka kuliko za wale wengine wawili, na ni yeye pekee aliyeandika ni jambo gani likionekana ataamini kwamba amekosea.

Tena ni ombi la bei nafuu. Haombi friji wala kemikali. Makala za fani yake zinapatikana bure mtandaoni tangu 1991, jambo ambalo watu wa jenetiki waliliiga baadaye sana. Kinachowaua wanafunzi wa nadharia katika nchi zetu ni upweke. Abdus Salam, mwanafizikia wa nadharia na mtoto wa mji mdogo wa Jhang uliopo Pakistani ya leo, alitoka Cambridge akarudi kufundisha Lahore mwaka 1951. Hakuwa na mtu wa kujadiliana naye, na kufikia 1954 alikuwa ameondoka. Hakuisahau nchi yake wala nchi zinazofanana nayo. Mwaka 1964 alifungua kituo cha fizikia ya nadharia Trieste, Italia, ili mtu wa Lahore au wa Maseno aende miezi kadhaa, ajadiliane na wenzake, kisha arudi nyumbani bila kuwa ameaga moja kwa moja. Nobeli aliipata mwaka 1979. Kituo hicho sasa kina mwenzake Kigali, tangu 2018, na Kigali mtu huenda kwa basi kupitia Kampala. Kwa hiyo pesa za binti msizifungie kwenye karo tu. Tengeni nauli.

Kwako kijana wa hamira, kwa kuwa wewe ni wa kwangu, nitakuwa mkali. Molasi ikiwa nzito haichachuki. Ukiitia maji ndipo hamira inaamka na kutoa pombe, gesi na joto. Joto hilo ndilo adui. Tangi likipita nyuzi 35 hamira inaanza kuchoka, likikaribia 40 bakteria wa uchachu wanachukua nafasi na spiriti yako inageuka hasara. Mchana wa Februari huko Muhoroni kulipoza tangi ni kumwaga maji kama huna akili. Wazo lako ni zuri. Ila umeandika kana kwamba hamira ya joto haijawahi kuonekana, wakati *Kluyveromyces marxianus* inakua hata kwenye nyuzi 45. Shida yake ni kwamba pombe ikizidi inalewa mapema kuliko ile tuliyoizoea. Anzia hapo. Na unapoandika kwamba utaenda pia Bogoria na Ziwa Nakuru kuokota vijidudu vya maji moto na magadi, tafuta kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kile cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya kununua hata chupa moja. Kanuni za 2006 za kuchukua rasilimali za kijenetiki zinataka hivyo. Zina sababu: kutoka kwenye maziwa yetu ya magadi walitoka viumbe ambao vimeng'enya vyao viliishia kwenye sabuni za kufulia na kulainisha nguo za jinzi ng'ambo, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likawa linadai sehemu yetu baada ya mali kuuzwa. Kila kiumbe utakachokipata, kigandishe nakala mbili katika majengo mawili. Stima ikikatika wikendi nzima, hakuna profesa atakayekurudishia.

Nawe wa selimundu, sina mengi. Damu utakayoichukua ni ya watoto ambao mama zao wanakutana sokoni Kibuye. Rudi uwaambie ulichokikuta, kwa lugha yao, kabla hujakisoma kwenye mkutano wa Nairobi. Na mama akikuuliza kama kosa ni lake, mjibu palepale kwamba jeni ilitoka pande zote mbili na kwamba ndiyo iliyowakinga babu zake na malaria. Halafu usiwapuuze wanafizikia kwenye kundi lako. Data ya DNA siku hizi ni nyingi kiasi kwamba utamhitaji mtu wa hesabu, na huenda akawa huyo mnayemcheka.

Ninachopendekeza badala ya kifungu chenu ni kifupi. Mwombaji aitwe mbele ya chama, aeleze swali lake kwa Kiswahili au Dholuo mpaka mwanachama asiye mwanasayansi aweze kulirudia. Alete daftari lake la kazi, lenye tarehe, lenye mistari iliyokatwa bila kufutwa. Asiye na daftari asubiri mwaka mwingine, hata kama sayansi yake inatibu saratani. Kama pesa hazitoshi watatu, na najua hazitoshi, gaweni karo kwa wote nusunusu kuliko kumwondoa mmoja kwa kicheko.

Katibu, kifungu nakurudishia bila sahihi. Mweka hazina, mchango wangu umeshaingia kwenye simu ya chama. Umezidi ule wa kawaida. Kinachozidi ni nauli ya Kigali, na ukiandike hivyo kwenye daftari.

Mlezi wenu,
Kisumu