Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuliyoyaona kwa Wanaouguza

Ndugu wanachama,

Mahesabu mtayasikia kwa mtunza hazina, nami sitamwingilia. Langu ni moja: miaka yote chama hiki kimekuwa kikiwahesabu wagonjwa wa kiharusi na kuwasahau wanaowauguza.

Mwaka huu tuliwatembelea wanachama waliopatwa na kiharusi zamani, si wa juzi. Tulibeba dodoso la Barthel, lile linalouliza mambo 10 kama kula, kuvaa, kwenda choo na kupanda ngazi, alama 100 zikiwa za anayejitegemea katika yote. Kwenye nyumba mojawapo mzee alipata 90. Tukampongeza mkewe. Mama wa watu hakuitikia. Alikaa ukingoni mwa kiti, viatu miguuni, kama anayengoja kuitwa. Alipotusindikiza mlangoni ndipo akaninong'oneza: "Miguu yake imerudi, mwenyekiti. Yeye hajarudi." Mzee haishi kuamka usiku, hulia ghafla, humfokea, na maneno yanayomtoka hayazidi mawili matatu.

Dodoso halikukosea, sisi ndio tuliolitaka liseme lisilopima. Huzuni nzito humpata karibu mmoja katika kila watatu waliopatwa na kiharusi, na hiyo haina alama kwenye ngazi wala chooni.

Kipimo cha mzigo wa anayeuguza kipo tangu 1983. Kina maswali 13 ya ndiyo au hapana: usingizi unakatika? Kazi imeyumba? Inakuuma kumwona amebadilika? Ndiyo zikifika 7, mzigo umekuelemea. Nilikijaza mwenyewe jioni moja, maana nami namuuguza mume wangu. Mwanangu akaichungulia karatasi, akasema, "Mama, hapo kwenye usingizi umedanganya." Nikafuta.

Kuhusu mafunzo, kamati ilibishana sana. Utafiti wa Uingereza wa 2004 ulionyesha kwamba kumfundisha anayeuguza mgonjwa akiwa bado wodini kunampunguzia mzigo. Ule mkubwa zaidi wa 2013, wenye wagonjwa 928, haukuona tofauti, na watafiti wenyewe wakahisi huenda siku zile za mwanzo si wakati mwafaka. Mimi nakubaliana nao. Wiki ile ya kwanza mtu anatikisa kichwa tu, hasikii kitu.

Kwa hiyo somo la mwanzo tumelibakiza fupi: namna ya kumwinua. Usimvute kwa mkono uliopooza, bega litateguka. Asogee ukingoni mwa kitanda, nyayo zake zirudi nyuma kidogo ya magoti, ainamie mbele, nawe umshike kiunoni. Mengine yote, hasira, vilio, tendo la ndoa (ndiyo, tumeliingiza, na waliolipinga ndio waliouliza maswali mengi), yanafundishwa miezi sita baadaye.

Zamu za kuwapumzisha wanaouguza hazikufanikiwa. Waliojitolea walifika, wenye nyumba wakakataa kutoka. Mmoja alitoka, akasimama uani saa nzima akitazama dirisha. Nadhani tulikosea kuziita mapumziko. Safari hii tutampangia kila mtu shughuli yake nje, hata kama ni kwenda kupimwa presha yake mwenyewe, ambayo wengi wenu hamjaipima tangu mgonjwa alale.

Fomu ya uanachama sasa ina ukurasa wa pili wenye yale maswali 13. Naomba ujazwe na anayeuguza kwa mkono wake, mgonjwa asiwepo chumbani, na urudishwe kwa katibu kabla ya kikao kijacho.