Aksanti kwa mama tuliyekaa naye benchi moja

Mama yangu, jina lako sikuuliza. Ulivaa kitambaa cha kijani, tukingoja damu ya watoto hapa Lubumbashi, katika joto lile la Oktoba. Mwanangu ana miaka 11, ana talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, na huongezewa damu kila baada ya wiki 3. Ulimwona akimaliza chupa ya pili ya maji, ukaniuliza polepole: "Usiku anaamka mara ngapi kukojoa?" Mara nne, tano. Mimi nilidhani ni joto.

Ukachukua kalamu, ukachora vifuko nyuma ya kikaratasi cha namba. Kila mfuko wa damu una miligramu kama 200 za madini ya chuma, na mwili hauna njia ya kuyatoa. Yanajaa kwenye ini, kwenye moyo, na kwenye kongosho linalotengeneza insulini, ile inayoshusha sukari ya damu. "Wangu yalimkuta hayo," ulisema, ukanyamaza. Kisha ukatupeleka maabara, ukalipa kipimo cha sukari kwa pesa yako, ukanionya nisitegemee kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, maana damu ya kuongezewa hukivuruga.

Sukari ilikuwa juu kweli. Sasa anadungwa insulini, na dawa ya kutoa chuma anameza kila siku, ile niliyokuwa naikatiza pesa ikipungua. Hilo bado linaniuma. Juzi alilala mpaka kukacha.

Nimerudi kwenye benchi lile mara tatu, sikukukuta. Aksanti sana, mama. Pesa yako ninayo, na mtoto anauliza mwenzake anaendeleaje.