Kila zawadi ya mkono iuzwe na kikaratasi chake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kabla msimu wa sikukuu haujapamba moto. Mimi nafuma na kuuza: masweta, kofia, skafu, soksi za watoto, na pembeni ya meza yangu hutandika hereni na bangili za shanga. Mwisho wa mwaka ndio unaotulisha sisi wa kazi hii. Kwa hiyo ninayoyasema nayasema nikiwa ndani ya biashara, na najua baadhi ya wenzangu watanuna.

Kilio changu ni kwamba tunauza zawadi zisizo na maelezo. Mteja anauliza bei, anatoa pesa, tunamfungia mzigo wake kwa karatasi ya maua na utepe, anaondoka. Hajui ameuziwa uzi gani, unafuliwaje, unaanikwaje, wala kofia ile ni ya kichwa cha ukubwa gani. Angekuwa ananunua cha kuvaa mwenyewe, angerudi kutuuliza. Lakini huu ni msimu wa zawadi. Atakayevaa ni mtu wa tatu, hajawahi kusimama mbele ya meza zetu, na pengine anaishi mbali. Huyo ndiye anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Naomba tukubaliane kwamba kila kitu cha mkono kinachouzwa sikukuu hii kiende na kikaratasi chenye maelezo yake.

Mwaka jana, sherehe zikiwa zimekwisha, mama mmoja aliniletea sweta la kijani. Halikuwa kazi yangu, na niseme kweli, aliyelifuma ni fundi hasa. Mabega yameungwa huoni mshono, kifuani pana misuko mitatu iliyopandana bila kitanzi kimoja kuyumba. Mwanawe alikuwa amemnunulia zawadi. Mama akalifua kama anavyofua nguo nyingine zote, kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akasugua kola. Lilipokauka lilikuwa limesinyaa, linamfaa mtoto wa shule. Limekuwa zito, gumu, na ile misuko mitatu imezama ndani ya kitambaa isionekane tena. Aliniuliza kama naweza kulivuta lirudi. Nikamwambia haiwezekani. Akaniuliza, "Sasa kwa nini hakuna aliyeniambia, mwanangu?" Sikuwa na jibu la kumpa, na hilo swali ndilo lililonikalisha chini kuandika barua hii.

Kwa wasiojua: sweta lile lilikuwa la sufu, na unywele wa sufu una magamba madogo mno, macho hayayaoni, yamepangana kama vigae vya paa. Maji ya moto na sabuni huyafanya yasimame, na kusugua kunayafanya yashikane. Yakishashikana hayaachani, hata ungeliloweka sweta wiki nzima. Ipo sufu nyingine iliyopitishwa dawa kiwandani, magamba yake yakapunguzwa makali na kufunikwa utando mwembamba. Hiyo inavumilia hata mashine ya kufulia. Ukiziweka mbili hizo sambamba mezani, zinafanana. Mimi niliyeshika uzi tangu shangazi yangu anikabidhi sindano nikiwa mdogo siwezi kuapa kwa kugusa tu kwamba hii ni ipi. Mwenye jibu ni mmoja, yule aliyenunua donge la uzi.

Akriliki, uzi wa plastiki unaotengenezwa kiwandani, nayo ina tabia zake. Haisinyai kwa maji ya moto, lakini pasi kali inaiua: inalegea, inang'aa, na ule uwezo wake wa kuvutika na kurudi haupatikani tena. Pamba ni nzito. Ikilowa na kuanikwa kwenye kamba, uzito wa maji unaivuta, na sweta lililokuwa likiishia kiunoni linafika mapajani. Nyuzi tatu, malezi matatu tofauti. Mtu atayajuaje kwa kutazama?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba habari hizi zote mfumaji alikuwa nazo mkononi. Donge la uzi huja limezungushiwa karatasi, na juu yake kumeandikwa aina ya uzi, uzito kwa gramu, urefu kwa mita, namba ya sindano inayofaa na namba ya mkupuo wa rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja. Chini yake kuna vialama vya ufuaji. Beseni lenye mkono ndani yake maana yake fua kwa mkono. Beseni lililokatwa kwa mistari miwili, usifue kwa maji. Mraba wenye mstari wa mlalo katikati, kaushia kwa kulaza. Pasi iliyokatwa, usipige pasi. Vialama hivi vimo katika kiwango cha kimataifa, ISO 3758, na vinasomeka vilevile nchi nyingi, hata kwa asiyejua lugha ya mwandishi. Sisi tunaichana karatasi ile siku ya kwanza, tunaitupa, halafu tunamuuzia mtu nguo bubu.

Aliyepoteza karatasi asikate tamaa. Akate kipande kifupi cha uzi, akishike kwa koleo juu ya sinia la chuma lenye maji, mbali na watoto na nguo, akiwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto huzimika wenyewe, na jivu lake hupukutika ukilifikicha. Pamba hunuka karatasi na huacha jivu laini. Akriliki huyeyuka na kuacha kigololi kigumu cheusi. Uzi uliochanganywa utakuchanganya na wewe, na hapo ni heri kuandika wazi "uzi wa mchanganyiko, fua kwa maji baridi" kuliko kunyamaza.

Kikaratasi changu mimi ni kipande cha kadi, upana wa vidole vitatu. Kwa sweta la sufu naandika hivi: "Sufu tupu. Fua kwa mkono, maji baridi, usisugue. Usisokote, viringisha ndani ya taulo ukamue. Laza kivulini." Kwa kofia naongeza mzunguko wake kwa sentimita kabla haijavutwa, kwa sababu kofia ya kufuma hufumwa ndogo kidogo kuliko kichwa ili ishike, na mnunuzi akiitazama mezani hudhani ni ya mtoto. Nyuma ya kadi nazungushia uzi wa akiba, kama mita mbili. Kiwiko kikitoboka miaka ijayo, kiraka kitatoka kwenye mkupuo uleule wa rangi. Uzi wa mkupuo mwingine, hata ukiitwa jina lilelile, ukiuweka juani tofauti inajitokeza.

Sasa nije kwa watoto, maana hapa suala si tena la nguo kuharibika. Zawadi nyingi tunazouza mwisho wa mwaka ni za vichanga: visoksi, vikofia, glavu ndogo zisizo na vidole. Ukifuma kwa rangi mbili au zaidi, upande wa ndani hubaki nyuzi zinazoruka kutoka rangi moja hadi nyingine. Kidole cha mtoto mchanga kinaingia humo. Uzi ukikizunguka na kukaza, damu haipiti, na mtoto hana la kufanya ila kulia, watu wazima wakidhani ana njaa. Madaktari wanalijua tatizo hili vizuri, husababishwa na unywele mmoja tu au uzi mmoja tu. Kwa hiyo mfumaji wa soksi za kichanga azigeuze ndani nje, apitishe kidole chake kidogo kila mahali, na panapokamata apafunge. Halafu aandike kwenye kadi: "Geuza ndani nje ukague kabla ya kumvisha, na kila baada ya kufua." Maneno machache, mama aliyepewa zawadi akiyasoma anajua pa kutazama.

Vifungo na macho ya shanga kwenye vikofia vya wanyama vinapendeza sana kwenye picha. Mtoto akiking'oa kimoja anakipeleka mdomoni. Darizi macho hayo kwa uzi. Kamba za kufungia kofia chini ya kidevu nazo zina hatari ya kunasa na kukaba. Kiwango cha Ulaya EN 14682 hakiruhusu kamba za kufungia sehemu ya kichwa na shingo kwenye nguo za watoto wa chini ya miaka 7. Uzi wenye manyoya marefu, ule laini unaovutia kila anayepita, huachia manyoya yake puani na mdomoni mwa mtoto anayenyonya nguo. Mnunuzi akiniomba sweta la kichanga la uzi ule namkatalia, namwonyesha pamba laini. Wapo wanaoudhika wakaenda meza ya pili. Waende tu.

Upande wa vikorombwezo, hereni na bangili na mikufu, kosa letu kubwa ni kuziita zote "za fedha" au "za dhahabu" kwa sababu ya rangi. Mteja ana haki ya kujua kilichopita kwenye tundu la sikio lake. Nikeli ndiyo metali inayoongoza kwa kuwasha watu ngozi, na mwili ukishaikataa huikataa maisha yote. Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya kuidhibiti tangu 1994, hasa kwa vitu vinavyopita kwenye matundu ya kutogwa. Ukinunua ndoano za hereni, muulize anayekuuzia zimetengenezwa kwa nini, na akishindwa kukujibu tafuta pengine. Kama ni shaba, andika shaba, na uongeze kwamba jasho huigeuza rangi na inaweza kuacha ukijani kwenye ngozi. Mvaaji ataipangusa bila kudhani ametapeliwa. Bangili ya mpira unaovutika nayo ina umri. Mpira huchoka, hukatika, shanga zikamwagika. Ni bora kuandika "tutakuungia upya, iletwe" kuliko kumwacha mtu azikusanye sakafuni akitulaani.

Kikaratasi pia kitatusaidia kutenganisha kazi ya mkono na isiyo ya mkono. Mashine ya kufuma si ya jana. William Lee wa Uingereza aliibuni mwaka 1589, na sina ugomvi na anayeitumia. Wapo wenzangu wenye mashine ndogo za nyumbani, wanaisukuma kwa mkono safu baada ya safu, na kazi yao ni safi. Waandike "mashine ya mkono" na wauze kwa fahari. Ninachokipinga ni mtu kununua mzigo wa kiwandani kwa jumla, akang'oa lebo ya shingoni, akaweka kibao "imefumwa kwa mkono". Mnunuzi ageuze nguo ndani nje: akikuta kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloki, cherehani ya kuzungushia kingo uzi, aanze kuuliza maswali.

Kroshia ni habari nyingine. Viwanda vinatoa vitambaa vinavyoigiza sura yake, lakini kroshia yenyewe, ile ya ndoano moja na kitanzi kimoja kinachozaa kingine, bado ni kazi ya mkono wa mtu. Kwa hiyo ukikuta mkoba wa kroshia halisi unauzwa bei ya kutupa, jua yupo mtu mahali fulani aliyeinama juu yake saa nyingi, na pesa hiyo ndogo ndiyo waliyogawana yeye, msafirishaji na muuzaji. Muuzaji aandike nani amefuma. Kama hajui, aandike kwamba amenunua.

Wenzangu niliowaeleza haya wananipa majibu yaleyale. Mmoja aliniambia wateja hawasomi. Anayenunua huenda hasomi kweli, ana haraka na orodha ndefu ya ndugu. Anayepokea anasoma, maana ameketi nyumbani na zawadi mapajani, anaigeuza huku na huku. Mwingine anasema ukiandika "akriliki" bei inashuka. Mimi nauza akriliki kila mwaka na sijaona hilo. Mwenye mtoto anayejipaka kila kitu anaitafuta akriliki kwa sababu inafulika. Anayependa sufu anaitafuta sufu. Bei ikitegemea mnunuzi asijue alichonunua, hiyo si bei ya kujivunia. Wapo pia wanaosema chema chajiuza. Sweta la yule mama lilikuwa chema, na likajiuza, na leo halivaliki.

Hoja moja tu naiona ina uzito, ya muda. Wiki za mwisho mikono inauma, oda zimerundikana, na mtu anamalizia mkono wa sweta saa za usiku. Ndiyo maana nashauri kikaratasi kiandikwe siku uzi unaponunuliwa, kabla ya kitanzi cha kwanza, na kitiwe kwenye mfuko mmoja na kazi. Ukiacha hadi mwisho hutakiandika. Na wateja watusaidie kwa kuagiza mapema. Sweta la mtu mzima hula zaidi ya mita elfu moja za uzi, na zote zinapita kidoleni.

Wasiouza, wanaofumia ndugu na marafiki tu, nao nawaomba wafanye hivyohivyo. Mtu akipewa zawadi na rafiki anaona haya kuuliza inafuliwaje. Mara nyingi anaikunja na kuihifadhi asiiharibu, nawe unabaki kujiuliza mbona hajawahi kuivaa.

Waandaaji wa masoko ya sikukuu wana nguvu kuliko mimi. Wanapogawa nafasi za meza wana masharti mengi, ya usafi, ya malipo, ya saa za kufunga. Waongeze hili: meza isiyo na maelezo kwenye bidhaa zake ipewe siku moja ya kurekebisha, na muuzaji asiyejua kuandika asaidiwe kuandikiwa.

Nawe Mhariri, nakuomba kitu kimoja. Wiki moja kabla ya msimu kuanza, tenga kona ya ukurasa uchapishe vialama vya ufuaji, beseni, pembetatu, mraba, pasi na duara, kila kimoja na maana yake kwa Kiswahili. Wafumaji tutaikata kona hiyo tuibandike juu ya kikapu cha uzi, na waliopewa zawadi wataibandika penye beseni la kufulia.

Wako,
Mfumaji na msomaji wako wa siku nyingi