Mchango wa upasuaji umekamilika, lakini daktari hataki nipasuliwe

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Umoja hapa Nairobi, na riziki yangu ni kuuza mitumba ya watoto Gikomba. Nakuandikia kwa sababu ukoo wa mume wangu umenichangia fedha ili nikapandikizwe ngozi mguuni, ilhali daktari wa ngozi anayenitibu amenikataza kupasuliwa kwa sasa. Fedha hizo nitakabidhiwa nyumbani kwa baba mkwe mwisho wa mwezi huu, mbele ya wote waliochanga, nami sijui nitasimama niseme nini.

Kidonda kilianza kama kijipu kwenye muundi, nikatibiwa kama mtu mwenye jipu: nilipewa antibayotiki, kikatumbuliwa, na nyama iliyoonekana kufa ikakatwa. Kila kilipoguswa kwa kisu kilizidi kupanuka, hadi kikafikia upana wa kiganja cha mtu mzima. Ukingo wake ni wa zambarau iliyokoza, tena umeachana na nyama ya chini kiasi kwamba muuguzi anaweza kupenyeza kijiti cha pamba katikati. Kubadilisha bandeji ndiyo kazi kubwa. Binti yangu hunidondoshea maji ya chumvi ya hospitali juu ya shashi, tone kwa tone, mpaka iachie yenyewe, kwa maana ikivutwa huondoka na ngozi changa inayoanza kuota.

Daktari wa ngozi alichukua kipande kidogo cha ukingo kikapimwe maabara, akahakikisha kwamba si saratani wala kifua kikuu cha ngozi, akachunguza na mishipa ya damu, ndipo akaniambia kuwa ni payoderma gangrenosamu. Huu ni ugonjwa nadra ambao hauna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Alinieleza kwamba kinga ya mwili imevurugika, chembe nyeupe za damu zikarundikana kwenye ngozi na kuiharibu, na kwamba siwezi kumwambukiza mtu yeyote. Alisisitiza pia kwamba ngozi ya mgonjwa wa namna hii ikijeruhiwa, hata kwa sindano tu, inaweza kuota kidonda kingine, kwa hiyo kuchuna ngozi ya paja ili kuibandika kwenye muundi ni kuhatarisha mahali pawili kwa mpigo. Hakusema kwamba upandikizaji hautafanyika kamwe. Huenda ukafikiriwa baada ya ugonjwa kutulizwa kwa dawa.

Dawa ninayotumia ni prednisoloni, ya jamii ya steroidi, ambayo hutuliza kinga ya mwili na hufanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea. Maumivu yamepungua na ukingo umeacha kusogea, jambo ambalo kwangu ni kubwa, ila uso umevimba, na inanibidi nipimwe sukari na shinikizo la damu kila ninapokwenda kliniki. Mama mkwe akiuona uso huu husema kwamba dawa ndiyo inayonimaliza, akanisihi niitupe, ingawa nimeonywa kuwa kuikatiza ghafla ni hatari, kwa sababu mwili ukishaizoea hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Naye baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mweka hazina wa mchango, anashikilia kwamba ugonjwa usiosikia antibayotiki wala kisu ni wa kubuniwa na madaktari wa siku hizi, ilhali madaktari wa Marekani waliupa jina hilo mwaka 1930, kabla hata yeye hajazaliwa. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Ni mzee aliyepiga simu hadi Mombasa kunitafutia fedha, na wengi waliochanga wana kipato kidogo kuliko changu.

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba siwezi kuwaahidi matokeo ya haraka. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulilinganisha prednisoloni na siklosporini, dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili, ikaonekana kwamba baada ya miezi 6 waliokuwa wamepona hawakufika nusu katika kila kundi. Wachangiaji waliotarajia kuona mguu mzima wataelezwaje habari ya kungoja?

Wala si kwamba sizihitaji fedha hizo. Ugonjwa huu mara nyingi huandamana na maradhi ya kudumu ya kuvimba kwa utumbo, baridi yabisi au maradhi ya damu, na kwa kuwa nimekuwa nikiharisha tangu kabla ya kidonda, daktari anataka utumbo wangu utazamwe kwa kamera. Prednisoloni isipofaulu, dawa zinazofuata, kama vile infliksimabu, ni ghali sana. Mume wangu anakubaliana na daktari, lakini yeye ni kitindamimba na hathubutu kumpinga baba mkubwa hadharani.

Naomba unishauri. Je, ni haki kuwaomba watu waliochangia upasuaji wakubali fedha zao zigharimie vipimo na dawa, au ni heshima zaidi kuwarudishia kwanza? Je, nimwone baba mkubwa faraghani kabla ya siku hiyo, nikiwa na barua ya daktari, au jambo hili lipelekwe kwake na mtu wa rika lake? Na kama kuna msomaji aliyewahi kuugua kidonda cha aina hii, ningependa kujua aliwaeleza vipi watu wa nyumbani kwake.

Wako,
Mama wa Umoja, Nairobi