Malalamiko kuhusu kozi yenu ya kompyuta ya kujifunza mwenyewe

Wakufunzi,
Darasa la Kompyuta,
Ngamiani,
Tanga.
12 Januari 2026

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KASORO ZA KOZI YA KOMPYUTA KWA WANAOANZA, NA MADAI YA FLASHI 8

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Novemba 2025 tulinunua kwenu flashi 8 za kozi hii, kila moja Sh 45,000, jumla Sh 360,000. Nakala ya risiti tumeiambatanisha. Kasha limeandikwa Toleo Jipya 2025, na chini yake kuna ahadi kwamba hata asiyewahi kushika mausi atajifunza bila mwalimu.

Tumeyapitia masomo yote 22 kwenye kompyuta zenye Windows 10 na Windows 11, matoleo mawili ya mfumo unaoendesha kompyuta. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, lakini laptopu za mtumba bado zimejaa nayo. Picha zenu ni za Windows 7, iliyoachwa tangu Januari 2020. Kila mnaposema "bonyeza kiduara cha kona ya kushoto", mwenye Windows 11 anaona kitufe hicho, Start, katikati ya mstari wa chini, na hakina uduara wowote. Mtu mzoefu angecheka akaendelea. Anayeanza anadhani kompyuta yake ni mbovu, au mbovu ni yeye.

Anakwama hata kabla ya somo la 1. Kijitabu kinasema: chomeka flashi, dirisha litafunguka lenyewe. Halifunguki. Kuanzia Windows 7, programu iliyo kwenye flashi haijiwashi yenyewe, kwa kuwa virusi vilikuwa vinasambaa kwa mlango huo huo. Kwa CD na DVD ndiko utaratibu huo ulikobaki. Ilitosha kuandika: shika kitufe cha Windows, bonyeza E, chagua flashi kwa kubonyeza mara moja, kisha gonga Enter. Tunasema Enter makusudi. Kubonyeza mara mbili mnakufundisha somo la 2, sasa huyu atafikaje huko kama mlango wenyewe unafunguliwa kwa kubonyeza mara mbili?

Na hilo somo la 2 lenyewe halisemi kwa nini kubonyeza mara mbili kunamshinda mtu. Kwa kawaida Windows inasubiri nusu sekunde tu kati ya mbonyezo wa kwanza na wa pili, na mausi ikisogea hata kidogo katikati, inahesabu mibonyezo miwili tofauti. Mkono mgeni huwa unaisukuma mausi mbele kila kidole kinaposhuka. Mwambieni aegemeze kiganja mezani, na mwonyesheni pa kupunguza kasi kwenye mpangilio wa mausi. Zoezi lenu linampa alama nyekundu na mlio wa kengele, basi.

Mazoezi ya somo la 5, la 9 na la 16 hayafunguki kabisa. Yametengenezwa kwa Adobe Flash, programu ya zamani ya kuchezesha picha na mazoezi (si flashi ya kuchomeka). Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash Player yenyewe ikawa inakataa kucheza. Leo imetimia miaka 5 kamili. Mwanafunzi anaona kisanduku cha kijivu. Kibaya zaidi, ukurasa wa 6 wa kijitabu unamwambia "pakua Flash Player mtandaoni". Adobe walishaiondoa kwenye tovuti yao, kwa hiyo atakachokikuta huko ni mafaili ya watu wasiojulikana, na kwa miaka mingi jina la Flash Player limekuwa chambo cha kupandikizia virusi. Kozi ya wanaoanza inamtuma mwanafunzi akapakue asichokijua! Ukurasa huo tunaomba uondolewe hata kabla hamjarekebisha kingine chochote.

Dirisha la somo lina kimo cha pikseli 800 (pikseli ni vidoti vinavyounda picha ya kioo) na halipunguziki. Laptopu nyingi za mtumba zina kioo cha 1366 kwa 768. Mstari wa chini wa Windows 10 unachukua pikseli 40, zinabaki 728. Kitufe cha Endelea mmekiweka chini kabisa, kwa hiyo hakionekani. Sauti inasema "sasa bonyeza Endelea", inarudia, inarudia tena, na mtu anakodolea macho kioo kisicho na Endelea. Kwa sasa njia ni kushika Alt na kugonga Space, kisha M, kisha kuusukuma mshale wa juu mpaka kitufe kitokeze, halafu Enter. Nani ataijua hiyo siku yake ya kwanza?

Somo la 14, daftari la mauzo kwenye Excel, programu ya majedwali na hesabu, ndilo linaloweza kumtia mtu hasara ya fedha. Mnamwambia aandike mauzo ya kuanzia 25/09/2025 hadi 14/10/2025, kisha ayapange kwa tarehe. Kompyuta nyingi zinakuja na mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Kwa mpangilio huo 25/09/2025 haiwi tarehe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Excel inaiacha kama maneno na kuilaza kushoto mwa kisanduku. Lakini 01/10/2025 inapokelewa vizuri tu kama tarehe 10 Januari! Dalili ni ndogo: sifuri ya mbele inatoweka na namba inahamia kulia. Ukipanga, mauzo ya Oktoba 1 hadi 12 yanakaa juu yakiwa yametawanywa Januari mpaka Desemba, kisha inafuata 13/10 na 14/10, na mauzo ya Septemba, yaliyotangulia yote, yanaangukia mkiani. Mwenye duka akitaka jumla ya Oktoba atapata ya siku moja tu, ile 10/10, ambayo haigeuki hata ukiigeuza.

Dawa ni kubadilisha kabla ya kuandika chochote: Settings, Time & language, kisha kwenye Regional format chagua English (United Kingdom), funga Excel, fungua upya. Zilizokwisha kuandikwa hazijirekebishi. Lazima ziandikwe tena. Somo lenu halina hata sentensi moja juu ya hili, na picha zake zinaonyesha tarehe zote zimelala kushoto. Inaelekea aliyetengeneza naye hakuona.

Barua ya mfano kwenye somo la 12 imewekwa karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Hapa mjini karatasi ya dukani ni A4, 210 kwa 297. Printa nyingi zinawasha taa na kugoma zikisubiri karatasi isiyouzwa. Kwenye Word, programu ya kuandikia barua, ni Layout, Size, A4, mkahifadhi upya, kazi ya dakika moja.

Lugha nayo. Sauti inasema tarakilishi, puku na kabrasha, huku kwenye kioo kumeandikwa Folder. Tanga mtu anasema kompyuta, mausi na folda. Tarakilishi hata hatuikatai, Wakenya wanaitumia, lakini neno la sauti lisipolingana na la kwenye kioo mwanafunzi anatafuta kitu kisichokuwepo. Soma neno kama lilivyo kwenye kioo, halafu lieleze.

Mwisho, umeme. Kozi inahifadhi hatua za mwanafunzi pale tu anapobonyeza Maliza, na somo la 11 lina dakika 45. Umeme ukikatika dakika ya 40, anaanza mwanzo. Word, bila kuambiwa, inajiwekea nakala ya dharura kila dakika 10. Kozi yenu ihifadhi kila hatua.

Tunachodai ni hiki. Ndani ya siku 21 tupatiwe flashi 8 zilizorekebishwa: mazoezi bila Flash, dirisha linaloingia kwenye kioo cha 1366 kwa 768, somo la tarehe lenye mpangilio wa eneo, na kijitabu kipya. Picha za Windows 11 tunaweza kuzisubiri mpaka Aprili. Ikishindikana, turudishiwe Sh 360,000 na flashi tutazituma kwa basi kwa gharama zetu. Kukiwa kimya, malalamiko haya tutayapeleka Tume ya Ushindani pamoja na kasha, kwa sababu ya yale maneno ya Toleo Jipya 2025.

Orodha ya kasoro ndogo ndogo za masomo mengine, kurasa 3, imeambatanishwa. Fundi wenu akitaka kuziona kwa macho, darasa liko wazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Aje na laptopu ndogo.

Wenu,

Wakufunzi,
Darasa la Kompyuta, Ngamiani